Sindano ya Mzazi na Mtoto Asiyeitika

Wanawake wengi waliojifungua katika hospitali za kisiwa hiki cha Mombasa wamedungwa sindano moja ambayo jina lake hawakuambiwa, wala hawakuwa na haja ya kuliuliza. Mtoto akishatoka, na kabla kondo la nyuma halijashuka, mkunga humchoma mzazi pajani. Haupiti muda mrefu, tumbo la uzazi hujikaza kama ngumi, na ile damu ambayo ingeweza kumwondoa mama duniani hupungua. Dawa hiyo yaitwa oksitosini. Huwekwa ndani ya friji, katika vichupa vidogo vya kioo, na wakunga wa Makadara, kama wengi wetu tungali tukiiita ile Hospitali Kuu ya Pwani, waijua kama mpishi ajuavyo chumvi.

Sasa dawa hiyo hiyo imeanza kutajwa mabarazani kwa jambo jingine kabisa. Mimi nililisikia Kibokoni, kwa bibi mmoja ambaye mjukuu wake ana umri wa miaka 6. Mtoto huyo hasemi ila maneno machache. Akiitwa haitiki, hamwangalii mtu usoni, na akipata kifuniko cha sufuria aweza kukizungusha sakafuni tangu adhuhuri hata alasiri. Daktari amesema ana usonji. Shangazi yake mtoto, afanyaye kazi Dubai, ameambiwa huko kuwa iko dawa ya kupuliza puani, oksitosini, ati humfanya mtoto apende watu. Chupa si rahisi, na chupa moja haitoshi.

"Wewe mwanangu ndiwe unayesoma," bibi aliniambia. "Tumwambie ailete, au hizo pesa tumtafutie mtoto mwalimu?"

Nikamwomba anipe siku kadhaa. Haya niandikayo ndiyo niliyoyapata, na nayaandika gazetini kwa kuwa najua nyumba yake si pekee inayojiuliza.

Kwanza yafaa niseme usonji ni nini, maana neno lenyewe ni geni mjini mwetu. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si wazimu, wala si malezi mabaya ya mama. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka tangu mapema, na sehemu kubwa ya sababu zake ni za kurithi. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeuandikia habari zake kwa urefu mwaka 1943, kutokana na watoto 11 aliowaona. Tangu hapo imejulikana kuwa watu hawa hawafanani: yupo asiyesema neno, na yupo asemaye kama wakili. Linalowaunganisha ni ugumu wa kuchangamana na watu, pamoja na kushikilia mambo yale yale, mchezo ule ule, chakula kile kile, njia ile ile. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, hakuna mtaa wa Mombasa usiokuwa na mtu wa namna hii, ijapokuwa yawezekana hatumwoni.

Na hatumwoni kwa sababu amefichwa. Msomaji, mchukue mtoto wa namna hii umweke Mji wa Kale. Hapa kwetu mtu hupimwa kwa salamu. Ukitoka Mlango wa Papa ukaishika Ndia Kuu hata Ngomeni, utayapita mabaraza kadha wa kadha, na kila baraza lina haki yake. Mtoto hufunzwa kumbusu babu yake mkono kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Asiyeamkua huambiwa hana adabu, na mamake huambiwa hakumfunza. Nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Mtoto akilia usiku wa manane kwa kuudhiwa na kelele za arusi, kesho yake mtaa mzima una habari. Mama mmoja wa mtaa wa Kuze aliniambia kuwa huu ni mwaka wa tatu hajahudhuria arusi wala hajatoka na mwanawe siku ya Idi. Hakumwonea haya mtoto wake, alisema. Amechoka na maswali tu.

Maswali hayo twayajua. Je, si pepo huyo? Si kijicho? Mumemzinguza? Mwaka 2015 wachunguzi wa Kilifi, wakiongozwa na Joseph Gona, walichapisha matokeo ya mazungumzo na watu 103 wa Pwani ya Kenya: wazazi wa watoto wenye usonji, walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, waganga wa hospitali na wafanyakazi wa ustawi wa jamii, wa makabila na asili mbalimbali. Waliozungumza walitaja pepo wabaya, uchawi na laana. Walitaja pia maradhi, shida za wakati wa kuzaa, lishe duni na mambo ya kurithi. Na mzazi yule yule aliyekwenda kwa mganga ndiye aliyeomba dua na ndiye aliyekwenda hospitali. Mimi sioni la kucheka hapo. Mzazi aliyeona mlango mmoja umefungwa hubisha wa pili. Chupa ya Dubai ni mlango wa nne, basi, na tofauti yake ni kuwa umepakwa rangi ya sayansi.

PAKA WA LONDON

Sayansi yenyewe yaanza na paka. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale, aliyekuwa katika maabara ya Wellcome huko London, alichukua maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi ndogo iliyoning'inia chini ya ubongo, akamdunga paka, na akaona tumbo la uzazi la paka huyo lajikaza. Kutokana na hayo likaja jina oksitosini, ambalo kwa Kiyunani lina maana ya kuzaa upesi.

Kwa miaka mingi madaktari waliipata dawa hii kutoka katika tezi za ng'ombe na nguruwe, na hapo najua wasomaji wengi watasita. Bibi wa Kibokoni naye alisita. Lakini hayo yamepita. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud, mwanakemia wa New York, alifaulu kujua jinsi oksitosini ilivyoundwa, kuwa ni mnyororo mfupi wa vipande 9, kisha akaiunda mwenyewe maabarani. Mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Oksitosini itumiwayo hospitalini siku hizi huundwa kwa kemia, bila ya mnyama.

Kazi yake mwilini haikuishia kwenye uchungu wa kuzaa. Mama anyonyeshaye akimsikia mtoto analia chumba cha pili, maziwa humchuruzika kabla hajamshika: hiyo ni oksitosini inayotoka ubongoni na kuingia damuni. Basi wataalamu wakajiuliza: kama kitu hiki ndicho kimfungacho mama na mwanawe, je, hakiwafungi watu wengine pia?

Jibu la kwanza lilitoka kwa panya. Wako Marekani panya wadogo wa nyikani ambao dume na jike wakishakutana huishi pamoja, hulala tundu moja na kulea watoto kwa zamu, jambo ambalo ni nadra kwa wanyama wa namna hiyo. Katika miaka ya 1990 wachunguzi walionyesha kuwa jike akitiwa oksitosini ubongoni humshika mwenzake upesi zaidi, na akizuiliwa isifanye kazi huyumba. Kisha, mwaka 1998, ukatoka uchunguzi mmoja wa Marekani ukisema kuwa watoto wenye usonji walikutwa na oksitosini kidogo damuni kuliko wenzao. Mambo mawili hayo yalipowekwa pamoja, matumaini yalizaliwa. Magazeti ya ng'ambo nayo yakaibandika dawa jina la homoni ya mapenzi, jina ambalo kwa maoni yangu limeuza chupa nyingi na kufundisha machache.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mwaka 2010 Adam Guastella na wenzake wa Sydney, Australia, waliwapulizia puani vijana 16 wenye usonji, wenye umri kati ya miaka 12 na 19, wakawaonyesha picha za macho ya watu na kuwauliza mwenye macho haya ana hali gani, amekasirika au anafikiri. Waliopata dawa walifanya vizuri kidogo kuliko walipopata maji matupu. Mwaka huo huo Wafaransa wa Lyon waliwachezesha watu wazima 13 mchezo wa kurushiana mpira katika kompyuta. Mtu mwenye usonji mara nyingi huwarushia wenzake wote sawasawa, hata yule asiyemrudishia. Baada ya dawa, wengi wakaanza kumpendelea yule aliyewarudishia mpira, kama afanyavyo mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo wazazi wa Ulaya na Marekani walipoanza kuwasumbua madaktari wao.

Lakini angalia hesabu: 16 hapa, 13 pale, tena dawa ya mara moja na mtihani wa siku moja. Bibi yule hakuniuliza kama mjukuu wake ataweza kusoma macho ya picha. Aliniuliza kama ataitika akiitwa.

CHUPA MBILI PACHA

Ili kulijibu swali la bibi, yahitajika kazi kubwa zaidi, na iko namna yake. Wachukuliwe watoto wengi. Zitengenezwe chupa mbili pacha, rangi moja, harufu moja, moja ina dawa na nyingine haina. Kila mtoto apewe chupa kwa kura. Mzazi asijue ipi ni ipi, daktari asijue, wala yule anayempima mtoto asijue. Siri ifungiwe mahali hata siku ya mwisho. Watu wengine huona jambo hili ni ukatili, kumpa mtoto maji ukamwita kuwa anatibiwa. Mimi naliona ni uaminifu, kwa sababu mzazi hutangulia kuelezwa kuwa chupa yake yaweza kuwa tupu, na kwa sababu bila ya hivyo hakuna awezaye kutenganisha dawa na matumaini.

Kazi hiyo ilifanywa Marekani, katika vituo 7, ikiongozwa na Dk. Linmarie Sikich wa Chuo Kikuu cha Duke. Watoto na vijana 290, wenye umri wa miaka 3 hata 17, waliingia. Wako waliokuwa wakisema vizuri na wako wasiosema kabisa, jambo ambalo majaribio ya mwanzo yaliliepuka. Walipuliziwa kila siku kwa muda wa wiki 24, ambazo ni karibu miezi sita. Matokeo yalichapishwa Oktoba 2021 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine.

Wazazi walikuwa wakijaza karatasi za maswali juu ya jinsi mtoto anavyojitenga na watu. Alama zikipungua, ndiyo nafuu. Watoto waliopata oksitosini alama zao zilipungua kwa 3.7. Waliopata chupa zisizo na dawa zilipungua kwa 3.5.

Tofauti ni nukta mbili, na kwa hesabu za kitaalamu nukta mbili hizo si kitu.

Naomba msomaji akae na tarakimu hizo kidogo, maana ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni lile lililotangazwa kote, kwamba dawa haikufaa. La pili halikupigiwa mbiu: kwamba waliopewa chupa tupu nao waliandikiwa nafuu. Kwa nini? Pengine ni kwa kuwa mtoto hukua, na miezi sita katika umri wa miaka 4 ni mingi. Pengine mzazi aliyepewa chupa huanza kumtazama mwanawe kwa jicho la kutafuta heri, akaona mambo ambayo yalikuwapo siku zote. Pengine, na hili nalipenda, mzazi mwenye matumaini huketi na mtoto muda mrefu zaidi. Katika jaribio jingine la Sydney lililochapishwa mwaka 2015, la vijana 50, dawa haikuleta faida. Lakini wazazi walioamini kuwa vijana wao walipata oksitosini waliona nafuu kubwa kuliko walioamini kuwa walipata maji. Imani yao ndiyo iliyoleta tofauti.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mtoto wa fulani wa Muscat alipuliziwa akabadilika," si lazima awe mwongo. Aweza kuwa anasema aliyoyaona kwa macho yake. Ndiyo maana chupa pacha zikahitajika.

Wazee wa mambo haya hawakushangaa sana, kwa kuwa walikwisha kuona mkasa kama huo. Mwaka 1998 ilisemekana Marekani kuwa sekretini, homoni ya tumbo itumiwayo kupimia kongosho, ilimfungua mtoto mmoja mwenye usonji baada ya kudungwa mara moja. Habari zikatangazwa katika televisheni, maelfu ya wazazi wakaitafuta, bei ikapanda kupita kiasi. Mwaka 1999 jaribio la kura likafanywa, na sekretini haikuwashinda maji ya chumvi. Majaribio mengine mengi yakafuata na jibu likawa lile lile. Zilizopotea ni fedha na miaka.

Haki yataka niseme pia kuwa mlango wa oksitosini haujafungwa kabisa. Karen Parker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto 32 dawa hiyo kwa wiki 4, na mwaka 2017 wakaeleza kuwa kulikuwa na faida, hasa kwa wale ambao oksitosini ya damuni mwao ilikuwa chini tangu mwanzo. Jaribio kubwa la 2021 halikuliunga mkono jambo hilo. Mwaka 2022 Wachina wa Chengdu walitoa matokeo ya jaribio dogo la watoto 41, wa miaka 3 hata 8. Hao hawakupulizia kila siku, bali siku moja na kuacha moja, na kila baada ya kupulizia mtoto alichezeshwa na mtu wake kwa furaha kwa muda maalumu. Wakaona nafuu. Wenyewe walisema ni jaribio la kutangulia tu, na hakuna ajuaye bado kama likirudiwa kwa mamia ya watoto litasimama. Hata wale panya wa nyikani wametugeuka: mwaka 2023 wachunguzi wa California walizalisha panya wasiokuwa na kipokezi cha oksitosini katika mwili wote, na panya hao wakaoana na kulea watoto kama kawaida. Huenda basi kazi ya kuwafunga viumbe pamoja haikuachiwa homoni moja.

Hayo ndiyo ya maabara. Yabaki ya sandukuni.

Chupa ikitoka Dubai huja katika mkoba wa msafiri, ikakaa katika joto la uwanja wa ndege, ikapanda matatu, ikavuka Makupa na foleni yake. Oksitosini haistahimili joto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na yale mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya idadi ya watu, yalitoa tamko moja kwamba dawa hii iwekwe katika baridi ya nyuzi 2 hata 8, kwa sababu ilikuwa ikiharibika njiani na akina mama walikuwa wakivuja damu baada ya kuzaa huku wamedungwa dawa iliyokwisha nguvu. Ni kwa ajili hiyo hiyo kwamba wanawake karibu 30,000 wa nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018 la kuilinganisha na dawa ndugu yake isiyoogopa joto, nayo ikaonekana haipitwi. Ikiwa serikali zenye magari ya baridi zashindwa kuilinda oksitosini, mkoba wa shangazi utaweza wapi? Isitoshe, nyingi ya zile zinazouzwa kwa posta na kusifiwa kuwa zaleta mapenzi hazikupimwa na mtu. Hujui mna dawa kiasi gani, wala kama imo. Hata ikiwa ni ile ya kiwanda chenye jina, bado utakuwa umenunua kile ambacho watoto 290 walikipimia, kikatoka sawa na maji.

Nilirudi Kibokoni jioni moja baada ya magharibi, nikamweleza bibi yote haya kadiri nilivyoweza, tarakimu na panya pia. Alisikiliza huku akipekua bizari katika ungo. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja: "Na hao walionyweshwa maji, wazazi wao walipoambiwa, walikasirika?" Nikamwambia kuwa walijua tangu mwanzo yawezekana wakapata maji. Akatikisa kichwa, akasema atampigia simu binti yake asubuhi, na kwamba pesa zitatafuta kazi nyingine. Mtoto alikuwa chini ya ngazi na kifuniko chake.

KILIFI

Kazi nyingine ya hizo pesa ni ipi? Hapo ndipo wengi wetu hukwama, kwani mpaka leo hakuna dawa yoyote iliyothibitika kuondoa ule ugumu wa kuchangamana. Lakini kuna mambo yafanywayo, na mengine hayako mbali. Kilifi, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka daraja la Nyali, kuna kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989. Kilianza na malaria. Baadaye Charles Newton, Amina Abubakar na wenzao wakageukia ubongo wa mtoto: kifafa, kuchelewa kukua, na usonji. Hapo, pamoja na Cape Town, ndipo unapofanywa utafiti uitwao NeuroDev, unaokusanya habari za kurithi za maelfu ya watoto na wazazi wao, kwa kuwa karibu yote yajulikanayo juu ya mirathi ya usonji yalitokana na damu ya Wazungu. (Kwa mpenda visa: Henry Dale, yule wa paka, ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa Wellcome Trust tangu mwaka 1938 hata 1960. Pesa za nyumba ile ile zilizofichua oksitosini ndizo zinazotafuta asili ya usonji Kilifi.)

Lililonivutia mimi zaidi si hilo la damu. Ni mafunzo ya walezi yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo yamejaribiwa Kenya na Ethiopia na wataalamu hao hao pamoja na wenzao wa London. Hayahitaji daktari bingwa. Mtu wa kawaida aliyefunzwa huwakusanya wazazi mara 9, na huwatembelea nyumbani mara 3. Wazazi wa watoto wa miaka 2 hata 9 hufundishwa jinsi ya kucheza na mtoto, kuzungumza naye hata kama hajibu, kuzielewa ghadhabu zake, na kuzitumia kazi za kila siku za nyumbani kuwa ndiyo shule. Kuoga ni somo. Kuchambua mchele ni somo. Na mzazi pia hufundishwa kujitunza nafsi yake, jambo ambalo yule mama wa Kuze asiyekwenda arusini alilisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Nilimwomba mtu mmoja aliyepitia mafunzo hayo anionyeshe hatua ya kwanza. Nilidhani ataanza na maneno, amwambie mtoto sema hiki, sema kile. Hakufanya hivyo. Alikaa kitako mkekani, uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto, si juu yake. Akatazama mtoto anafanya nini. Mtoto alikuwa akipanga vifuniko vya chupa za soda mstari mmoja. Naye akachukua vifuniko vyake, akapanga mstari wa pili ubavuni mwa ule wa mtoto, asiseme neno. Zikapita dakika nyingi, mimi nikawa naangalia saa. Kisha akasimama kupanga, akakishika kifuniko kimoja mkononi, akangoja.

Mtoto hakumwangalia usoni. Lakini alinyosha mkono.